TAHADHARI: Msilipie "linki ya VIP" ya kuangalia TV ya taifa laivu

Wadau salama? Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Kuna jamaa anauza "linki ya VIP" ya kuangalia chaneli za shirika la utangazaji la umma laivu kwenye simu, anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na kwenye profaili kaweka nembo ya shirika lenyewe ili udhani unachati na ofisi kabisa. Huyo ni tapeli na mimi kashanipiga.

Ilikuwa hivi, TV ya mzee wangu iliharibika na yeye bila taarifa ya habari ya usiku halali, nikasema ngoja nimuwekee kwenye simu. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika nikaangukia tangazo la huyu jamaa. "Bosi wangu, chaneli zote, picha HD, haikwami, unalipa mara moja tu maisha." Nikamuuliza naweza kujaribu kwanza, akasema ofa inaisha leo. Hapo tu ningeshtuka lakini wapi, nikatuma hela, na jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mtu binafsi wala sikujiuliza. Dakika mbili linki hiyo ikaingia.

Na ilifanya kazi, ndo ujanja wake ulipo! Picha safi, sauti safi, mzee ananiombea dua. Siku ya tatu ikatokea ile notisi ya vidakuzi (cookies, vifaili ambavyo tovuti inaweka kwenye simu yako ikukumbuke) chini ya skrini, ile ya "kubali vyote", na kwenye maandishi yake kuna jina la shirika la utangazaji. Nikajiuliza, notisi ya shirika inatafuta nini kwenye linki ya VIP? Nikafungua tovuti rasmi kwenye simu yangu nikaiweka pembeni ya simu ya mzee: mtangazaji yuleyule, shati lilelile, maneno yaleyale yamepishana sekunde chache. Kumbe jamaa kachukua ukurasa wa bure wa shirika kaupachika ndani ya ukurasa wake, pale juu penye jina la tovuti kapafunika. Yaani kaniuzia maji ya mto nikiwa nimesimama mtoni.

Ningenyamaza kwa aibu, ila kilichofuata ndo kimenifanya niandike. Siku ya mechi skrini ikawa nyeusi, imeandikwa kipindi hiki hakipatikani mtandaoni. Hiyo ni kawaida jamani, shirika linaweza kuwa na haki ya kuonyesha mechi kwenye TV lakini haki ya intaneti hawana, kwa hiyo laivu inakatwa mpaka mechi iishe. Hakuna mtu wa kukufungulia. Jamaa yeye akaniambia "seva imefungiwa, ongeza hela kidogo, halafu weka hii app", akatuma faili la APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu ya Android bila kupitia duka rasmi. Nikalifungua (ndiyo, najua, msiniseme) likaanza kuomba ruhusa: kusoma SMS, kuonekana juu ya programu nyingine, na zile huduma za ufikivu ambazo kazi yake ni kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu, ila programu mbaya ikizipata inasoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Sasa TV inataka meseji zangu za nini kama siyo zile namba za siri za benki? Nikakataa nikaifuta, nilipomuuliza akaniblok.

Ukweli ni kwamba mashirika mengi ya umma yanaendeshwa kwa kodi, ruzuku au ada ya kaya, ndo maana laivu yao mtandaoni mara nyingi ni bure, sana sana utaombwa ufungue akaunti kwa barua pepe. DW ya Ujerumani na NHK World-Japan ya Japani unafungua tu unaangalia. Ukiona mtu anakuuzia "akaunti ya BBC iPlayer", ile huduma ya BBC ya kuangalia TV mtandaoni, ujue kuna namna, kwa sababu kufungua akaunti yenyewe ni bure, huduma ni ya watu walioko Uingereza, na huko wanatakiwa kuwa na leseni ya TV, tangu Septemba 2016 hata kwa kuangalia vipindi vilivyopita. Leseni hiyo hailipiwi kwa jamaa wa Telegram.

Hela yangu nilijaribu kurudisha, ilikuwa imeshatolewa. Namba nimeiripoti. Kama kuna aliyeweka hiyo APK na akaruhusu kila kitu, zima intaneti sasa hivi, ingia kwenye mipangilio uondoe ruhusa ya ufikivu halafu ufute programu, ikigoma kufutika washa simu kwa hali salama (safe mode, simu inawaka bila programu ulizoongeza mwenyewe) ujaribu tena, kisha paswedi na PIN ubadilishe kwa simu NYINGINE, siyo hiyohiyo, na benki uwapigie mapema.

Mzee nimemuwekea njia ya mkato ya tovuti rasmi kwenye skrini, anaangalia habari zake bila shida. Leo asubuhi meseji imeingia kwenye simu yake kutoka namba mpya: "Bosi wangu, haikwami, unalipa mara moja tu maisha, ofa inaisha leo."