Chaja ya GaN wati 65 ya Kariakoo: mzigo uko poa, ila hizo stori za "China wamefunga madini" muuzaji abaki nazo

Wakuu, kwa wale mnaouliza kuhusu hizi chaja ndogo zilizoandikwa GaN (galiamu naitraidi, chipu zake ni za hiyo badala ya silikoni tupu), nimechukua moja Kariakoo mitaa ya Aggrey, wati 65, matundu matatu, mawili Type C na moja USB ya kawaida. Nimeitumia vya kutosha. Ni nzuri, sina cha kuongeza chumvi hapo. Chaja iliyokuja na laptop yangu ni tofali kabisa, hii naitia mfukoni na kazi inafanya ileile. Hizo GaN zinawasha na kuzima umeme haraka kuliko silikoni ya zamani, kwa hiyo transfoma ya ndani haihitaji kuwa kubwa. Ukichomeka na simu kwa pamoja inagawa, laptop inabaki na 45 simu inapata 20, inajaa taratibu ila inajaa. Moto inapata, lakini unaishika bila shida.

Waya hauji nao, na hapo ndo wengi mnapigwa. Waya wa Type C wa kawaida mwisho wake wati 60, ukizitaka 65 zote tafuta ulioandikwa 5A au 100W, la sivyo utailaumu chaja bure.

Sasa bei, maana hii ndo imenifanya niandike. Jamaa yangu alichukua hiyohiyo, fremu ileile, kwa 75,000, mimi nafika naambiwa 110,000. Namuuliza kulikoni, ananijibu "kaka si unaona hali, China wamefunga madini, halafu kuna ushuru wa Trump."

Vita ya biashara kati ya China na Marekani ipo kweli, sibishi. Kwenye GaN kuna galiamu, na karibu asilimia 98 ya galiamu ghafi ya dunia inatoka China, wanaipata pembeni wakati wanasafisha bauxite ya kutengenezea aluminiamu (na bauxite yenyewe nyingi wanaibeba Guinea, hapahapa Afrika). Kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 ukitaka kuitoa China lazima kibali cha serikali. Desemba 2024, Marekani walipowabana tena kwenye mambo ya chipu, kesho yake tu China wakawafungia galiamu kabisa, mpaka Novemba 2025 ndo wakalegeza, tena kwa muda, hadi Novemba 2026. Huko Ulaya bei ikapaa ikaiacha mbali sana ile ya ndani ya China.

Lakini hebu tupige hesabu. Kilichofungwa ni madini kwenda Marekani, sio chaja kuja Dar. Boksi langu limeandikwa Shenzhen, yani kiwanda kinapata galiamu kwa bei ya nyumbani. Na hata tukubali kilo moja imefika dola 1,000, gramu moja si dola moja? Kama 2,500 hivi ya kwetu, na humo ndani hata gramu haifiki, ni utando mwembamba tu juu ya kipande cha silikoni. Sasa 35,000 ya juu imetoka wapi? Ushuru wa Trump ndo kabisaa, ule unalipwa na anayeingiza mzigo Marekani, hauvuki bahari kuja kukatwa Msimbazi. Angeniambia dola imepanda, meli, bandari, VAT asilimia 18, ningemwelewa na ningelipa kimyakimya.

Nilimwambia hayo yote akacheka, akasema "kaka wewe umesoma sana, lete 85." Nikatoa 85,000 na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) nikaidai, hapo ndo alinuna kidogo lakini akatoa.

Kasoro yangu kubwa ni plagi. Inakuja na pini mbili, unapewa adapta ya bure ambayo kwenye ekstensheni yangu inacheza, ukiigusa tu laptop inalia imekata chaji. Ipo ya pini tatu kabisa, haiwekwi mbele tu, ulizia wakutolee stoo, na usikubali wakuongezee hela kwa hilo.

Nyota nne kwa chaja, huduma mbili.