Wiki mbili za watoto wangu kwenye kambi ya farasi

Siku ya tatu ya kambi, mwanangu wa miaka 8 alianguka kutoka kwenye farasi. Mimi nikaja kuambiwa siku ya tano. Hakuumia: farasi alikuwa anatembea tu, uwanja una mchanga laini, na kofia ngumu ilikuwa kichwani. Lakini siku mbili jamani! Hilo nitalirudia, maana namna alivyoanguka inaeleza mengi kuhusu kambi hii, mazuri yake na mabaya yake.

Anayefikiria kupeleka mtoto ajue kwanza kwamba hii ni ranchi ya kazi. Si uwanja wa michezo uliowekewa farasi wa kupigia picha. Ng'ombe wapo, uzio unakatika, birika la maji linavuja, na shughuli hizo hazisubiri likizo ya mtoto wa mtu iishe. Kwenye matangazo yao kuna mtoto anakwenda shoti nyikani, nywele zinapepea (kofia yake sijui aliiacha wapi). Kwa kweli wanangu walipanda kama saa moja na nusu kwa siku. Saa zilizobaki ni koleo, toroli na banda. Wiki ya kwanza nilijiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nimelipa ili watoto wangu wazoe mavi ya farasi wa watu.

Siku ya mwanzo hawakupanda kabisa. Walifundishwa kumwendea farasi kwa ubavuni, usawa wa bega, huku wakimsemesha. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na hapo mbele kabisa ya pua. Ukimtokea kwa nyuma kimyakimya, atapiga teke kwanza, akujue baadaye. Masikio yakilala nyuma, mpishe. Na kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata siku moja, maana akishtuka akikimbia, anaondoka na mkono wako.

Kila asubuhi farasi walitangulia kula, watoto baadaye. Farasi mmoja siku ya joto anaweza kumaliza lita 40 za maji na bado akataka, na binti yangu wa miaka 11 anaijua hesabu hiyo kwa mabega, kwa sababu bomba la banda lao liliharibika wakabeba ndoo. Alilalamika? Sana. Aliacha? Hapana. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani soksi zake huokotwa na mimi.

Nilipokwenda siku ya wazazi nikamkuta na farasi wake, jike wa kijivu wa miaka 19 wanayemwita Bibi. Nikasogea kumpapasa. "Mama, toka hapo, hakuoni," akaniambia bila hata kunigeukia. Akapitisha kiganja kutoka begani kushuka mguuni, akaminya kidogo juu ya kwato, Bibi akaunyanyua mguu mwenyewe kama mtu anayevuliwa kiatu. Binti yangu akauegemeza pajani, akachukua kijichuma chenye ncha iliyopinda, akaanza kukwangua tope kutoka kisigino kuja mbele, akikwepa ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya kwato. Kikadondoka kijiwe kidogo kama punje ya haragwe. Akanionyesha kiganjani kwa fahari ileile aliyonionyeshea jino lake la kwanza kung'oka. "Hiki kingemfanya achechemee." Nikanyamaza. Malalamiko yangu ya mavi yaliishia pale.

Sasa turudi kwa mdogo wake. Farasi wengine hutanua kifua kwa pumzi wanapofungwa mshipi wa tandiko. Ukikaza mara moja ukapanda, hatua chache mbele anashusha pumzi, mshipi unalegea, tandiko linazunguka na wewe juu yake. Ndiyo maana mshipi hukazwa, farasi akatembezwa kidogo, ukakazwa tena, ndipo mtu apande. Kambi inawafundisha watoto jambo hilo mapema kabisa, na wanalijua kama shairi. Lakini siku ile msaidizi mmoja kijana aliachiwa watoto 6 peke yake. Wa kwangu alikuwa wa mwisho, mshipi ukakazwa mara moja tu. Kilichonichoma ni maneno ya mtoto mwenyewe: "Niliona hajarudia kukaza, ila niliogopa kumwambia."

Nilipowakabili, mwalimu mkuu hakuzungukazunguka. Alikiri kosa, na kuanzia hapo kundi la wadogo likawa na wasaidizi wawili. Kofia ile waliiondoa, hata kama haikuonyesha ufa, kwa kuwa kofia ikishapiga chini haiaminiki tena. Hapo nawapa haki yao. Ila kuhusu kuchelewa kunipigia simu, jibu lilikuwa "hakuumia, hatukutaka kukutia wasiwasi." Hilo sikulikubali na silikubali mpaka leo. Wasiwasi ni wangu, si wao wa kunitunzia. Kabla hujasaini, uliza msaidizi mmoja anaangalia watoto wangapi, na ni jambo gani likitokea wanakupigia siku hiyohiyo.

Jambo jingine dogo lakini lilitugharimu siku nzima ya kupanda: orodha yao ya vitu ilisema "viatu vya kufunika mguu", basi. Haikutaja kisigino. Mdogo akaja na raba za soli bapa, akazuiwa, na walikuwa sahihi kumzuia, maana mguu usio na kisigino cha kuuzuia unaweza kupenya kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko), na mtoto akianguka hivyo anaburutwa. Sasa kama mnajua hivyo, kwa nini msiandike? Akaazimwa buti kesho yake.

Wiki ya pili wakubwa walisaidia kuhamisha ng'ombe kutoka malisho moja hadi mengine. Binti yangu alitegemea mbio na vumbi. Wakaambiwa wakae pembeni na nyuma ya kundi, farasi watembee tu, na atakayepiga kelele ashuke, kwa kuwa ng'ombe akikimbizwa ovyo anachoka, anapungua uzito, anavunja uzio. Asubuhi nzima mwendo wa pole. Nilidhani atanung'unika. Alirudi akinieleza kwa kirefu jinsi Bibi alivyokuwa akimgeukia ng'ombe anayetaka kuchomoka kabla yeye hajagusa hatamu, yaani farasi ndiye aliyekuwa anamfundisha kazi.

Mdogo ameshasema hataki tena farasi, anataka ndama. Simlazimishi, na kwa mtoto wa umri wake ningetafuta kambi ya siku chache, ya kurudi nyumbani jioni. Fomu ya mwaka ujao ya dada yake nimeshaijaza. Pale penye nafasi ya simu ya dharura nimeongeza kwa kalamu nyekundu: pigeni siku hiyohiyo, hata kama hajaumia.