Santuri ya Charles Bradley, No Time for Dreaming: kazi iko kwenye wimbo wa mwisho

Nianze na kasoro, maana ndiyo itakayomsumbua mnunuzi. Wimbo mzito kuliko yote, "Heartaches and Pain", umekaa mwisho wa upande wa pili, jirani na karatasi ya katikati. Hapo santuri yoyote huwa dhaifu. Mizunguko ni ileile 33 na theluthi kwa dakika, lakini ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde, na huku ndani hushuka hadi karibu 21. Sauti imebanana, na sindano iliyokaa upande hushindwa kuifuata.

Kinachochanganya ni kwamba Bradley mwenyewe, mwimbaji wa soul wa Marekani, ana koo lenye mkwaruzo. Nilivyoutofautisha: wa kwake ni mnene, unatoka kifuani, wa sindano ni mwembamba na hujitokeza zaidi kwenye herufi s na kwenye tarumbeta. Ukiusikia huo wa pili, safisha sindano kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Kisha pima uzito ambao sindano inaikandamiza santuri. Kichwa kinachobeba sindano cha aina ya AT-VM95E, kwa mfano, kinataka gramu 2. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchubua mfereji. Mwisho panga kichwa kwa karatasi ya vipimo, kikae sawa kwenye pointi zake zote mbili. Kama ncha ni ya duara, tafuta ya umbo la yai. Kwangu hiyo ndiyo iliyoleta tofauti kubwa.

Taabu yote hii kwa ajili ya wimbo mmoja? Ndiyo. Ni wimbo wa kifo cha kaka yake Joseph, aliyeuawa kwa risasi. Bradley alikuwa ameigiza James Brown kwa miaka mingi kwenye klabu za Brooklyn, akijiita Black Velvet, na albamu hii ya kwanza ilitoka Januari 2011 akiwa na miaka 62. Mtayarishaji Thomas Brenneck na bendi ya Menahan Street Band walimwachia nafasi ya kuimba yaliyomfika mwenyewe. Ukelele wa James Brown bado upo, ila sasa una mwenyewe.

Kuhusu kutuliza moyo: santuri hii haimbembelezi mfiwa. Inafanya kazi ya yule anayekuja matangani akaketi nawe mkekani bila neno. Kwa msiba ningeanza na upande wa pili, sauti ya wastani, taa zimepunguzwa. Wimbo wa kwanza, "The World (Is Going Up in Flames)", unafaa zaidi kupimia spika. Besi ikivuma, zisogeze mbali na ukuta. Aliyefiwa na mama ningemwelekeza kwenye Changes ya 2016: wimbo uliobeba jina la albamu ni wa bendi ya roki ya Black Sabbath, lakini Bradley, aliyempoteza mama yake 2014, anauimba kama kwamba ni wake. Yeye mwenyewe alifariki 2017 kwa saratani.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na ukingo unaong'aa. Iinamishe chini ya taa, utazame sentimita mbili za ndani za upande wa pili. Ukiona ukijivu hapo, mfereji umechakaa, mrudishie muuzaji.