Lenzi ya kuvuta au ya milimita 35 mjini Puri?
Katika Rath Yatra, sikukuu ya Kihindu ya Puri, jimboni Odisha nchini India, magari matatu ya mbao ya miungu Jagannath, Balabhadra na Subhadra huvutwa kwa kamba takriban kilomita 3 hadi hekalu la Gundicha, na kwa kuwa umati humzuia mpiga picha kusogea, lenzi ya kuvuta (zoom), inayosogeza picha ya kilicho mbali, hushinda waziwazi. Hata hivyo ni ghali na nzito, nayo sikukuu huangukia Juni au Julai, msimu wa mvua, ambapo lenzi inayorefuka huingiza unyevu kwa urahisi. Ufukweni, wavuvi wanapopakua samaki, lenzi ya milimita 35, isiyovuta, ni nafuu, nyepesi, na humlazimu mpiga picha kukaribia, kusalimu na kuomba ruhusa, jambo ninalolithamini mno. Chumvi huziharibu zote mbili. Anayefuata magari pekee achukue ya kuvuta. Atakayekaa mjini majuma kadhaa, ile ndogo itamfaa zaidi.