Laptopu inachemka: uifungue uisafishe, au uiwekee kibao chenye feni?

Kabla ya kuamua, pima kwanza joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, kwa programu ya vipimo. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 za Selsiasi ni kawaida. Kwenye kazi nzito, 75 hadi 85 haina neno. Ikikaa kwenye 95 muda mrefu, shughulika nayo. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikifikia hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima.

Kibao ni rahisi: unakichomeka kwenye USB, unaiweka laptopu juu yake, basi. Huiinua ili matundu ya chini yavute hewa, na mara nyingi hupunguza nyuzi chache tu.

Kusafisha ndiyo kazi yenyewe. Nilipoifungua yangu ya miaka minne, kati ya feni na mapezi ya shaba (vibati vyembamba vya kutolea joto) nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Feni ilizunguka kwa nguvu zote, hewa haipiti! Grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kama magamba. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto la kazi nzito likashuka kutoka 97 hadi 81. Ila chomoa betri kwanza, na uishike feni isizunguke unapopuliza vumbi.

Mimi ningesafisha kwanza. Kibao ningekiachia laptopu ambayo bado ina waranti, nisije nikaipoteza kwa kuifungua.