Uzoefu wangu: "Lacombe, Lucien" (1974), filamu ya kibaraka asiyejieleza

Kama unataka filamu ya vita yenye vifaru na stelingi asiyekufa, pita. Hii ya mwongozaji Louis Malle ina dakika 138, na risasi nyingi zinazolia humo zinalenga sungura. Naipa nyota nne kati ya tano. Tahadhari: nataja mpaka mwisho wake, kwa sababu bila mwisho huwezi kuizungumzia.

Ni Juni 1944, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Shika tarehe hiyo, maana filamu haitakukumbusha. Wamarekani na Waingereza wameshatua Normandy, Mjerumani yuko mbioni kushindwa, na ndipo Lucien anapojiunga naye. Usipolijua hilo, nusu saa ya kwanza utaiona ya kupoteza muda.

Lucien ni kijana wa shamba anayepiga deki hospitalini. Ndege anaimba nje ya dirisha. Kijana anatoa manati, anamwangusha, anaendelea na deki. Hakuna muziki wa kukutayarisha. Baba yake ni mateka Ujerumani, na mama yake anaishi na mwenye shamba. Anamfuata mwalimu wa kijiji, ambaye ni mtu wa wapiganaji wa msituni, aombe kuingia kundini. Anaambiwa bado mdogo. Akirudi mjini baiskeli inapata pancha, giza linaingia, na muda wa marufuku ya kutoka nje unamkuta mbele ya hoteli ambayo Wafaransa wanaoitumikia polisi ya Kijerumani wameigeuza makao yao. Wanamwingiza ndani, wanamnywesha, na jina la mwalimu linamtoka kama porojo za baa. Asubuhi mwalimu analetwa amekamatwa.

Malle aliandika mswada pamoja na Patrick Modiano, yule aliyepata Nobeli ya fasihi 2014, na hakuna mahali walipompa Lucien hotuba ya kueleza kwa nini. Ndiyo maana filamu ilizua ugomvi mkubwa Ufaransa ilipotoka. Mtazamaji aliyezoea msaliti mwenye itikadi, au walau mwenye njaa, hapa hapati pa kushika.

Ushauri wangu: usisubiri maneno, tazama mikono yake na vitu anavyovishika. Suti, kwa mfano. Albert Horn, fundi cherehani Myahudi aliyekimbia Paris na kujificha huku na mama yake na binti yake, analazimika kumshonea suti yenye suruali ya gofu, ile inayobanwa chini ya goti. Fundi aliyezoea wateja wa Paris anampima mshamba mwenye bastola, na adabu ya kazi haimtoki hata kidogo. Baadaye Horn anamwambia kwamba, ajabu, anashindwa kumchukia kabisa. Au ile meli ya mfano kwenye upekuzi wa nyumba ya daktari: Lucien anaivunja kipande kwa kipande huku mtoto mwenyewe akitazama, uso wake ukiwa uleule wa kupiga deki. Halafu kuna saa ya dhahabu. Mwishoni anakwenda na mwanajeshi wa Kijerumani kuwachukua France, binti wa Horn, na bibi yake. Mjerumani anaitia saa ile mfukoni mwake, na Lucien anampiga risasi. Ni mapenzi yake kwa France au ni saa? Filamu haisemi. Mimi nasema ilianza kwa saa.

Pierre Blaise, anayemcheza Lucien, alikuwa mkata miti asiyewahi kuigiza, na inaonekana: kuku anakatwa shingo kwa kiganja bila kusitasita. Wasiopenda kuona wanyama wakiuawa wajue hilo mapema, na watoto wasiwepo, kwani kuna mateso ya wafungwa pia. Holger Löwenadler ni Horn aliyechoka kwa heshima. Lakini anayeniibia macho ni Therese Giehse, bibi anayecheza karata peke yake na kumfanya Lucien asiwepo chumbani.

Nyota niliyoibana ni ya France. Aurore Clément, kwa mara yake ya kwanza kwenye filamu, hana kosa. Kosa ni la mswada. Anapolia kwamba amechoka kuwa Myahudi unamwelewa papo hapo. Baada ya hapo anapelekwapelekwa tu, na hatujui anataka nini.

Kuhusu nakala: chukua yenye sauti ya Kifaransa na tafsiri chini ya picha. Iliyoingizwa sauti za watu wengine inaua matamshi ya kijijini ya Blaise, na hayo ni nusu ya uigizaji wake. Picha ni 1.66:1 (upana kwa kimo), kwa hiyo kwenye televisheni ya kisasa utaona mistari myembamba myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze kioo, vichwa vinakatwa. Nyumba ya kina Horn ina mwanga hafifu, na nakala iliyobanwa sana kwa ajili ya simu hugeuza vyumba vile kuwa weusi mtupu.

Jambo la mwisho: hakikisha tafsiri yako inafasiri pia maandishi yanayotokea juu ya picha, siyo mazungumzo tu. Filamu inafungwa na sentensi moja kwamba Lucien alikamatwa tarehe 12 Oktoba 1944, akahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya wapiganaji, akauawa. Ukiikosa, utadhani Lucien, France na bibi wamesalimika kwenye shamba wanalokimbilia baada ya risasi ile.