Maabara ya Kupima Kuyeyuka kwa Jivu la Makaa ya Mawe
Baada ya mabonge ya jivu lililoyeyuka kuziba wavu wa boila yetu mara mbili, tulipeleka sampuli za makaa ya mawe kwenye maabara moja, na huduma tuliyoipata ilistahili gharama yake. Mtaalamu alilifinyanga jivu likawa piramidi ndogo, akaiweka tanuruni, akatuonyesha ncha yake ikianza kuviringika, kisha piramidi yote ikalainika, ikawa nusu tufe, hatimaye ikatandaa kama uji uliomwagika. Alieleza kwa subira kwamba kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi wenye alumina (oksidi ya alumini) nyingi, hulifanya jivu listahimili joto, ilhali pairaiti, madini ya chuma na salfa, huleta chuma ambacho, pale oksijeni inapopungua, huungana na silika (kiambato kikuu cha mchanga) na kuyeyuka karibu na nyuzi 1,200 za Selsiasi. Muuzaji wetu hutaja kiasi cha jivu tu, na hilo halitoshi hata kidogo.

Kasoro ni moja, nayo ni nzito: ripoti ya kwanza ilipima tu katika hewa yenye oksijeni ya kutosha, ilhali ndani ya tabaka la makaa yanayowaka oksijeni huwa haba. Tulipolalamika, walirudia kipimo bila malipo.